Kigunduzi changu na fundi geti wa Sakina

Kwa siku tisa mfululizo mashine yangu ilihesabu chembe 40 kwa dakika. Ikipanda ni 47, ikishuka ni 33, kama mtu aliyelala anavyopumua. Siku ya kumi, saa nne na dakika kumi asubuhi, ikahesabu 312.

Nilikuwa nimekalia ndoo iliyopinduliwa, chai ya maziwa mkononi, katika chumba cha nyuma cha nyumba ninayopanga Sakina, hapa Arusha. Mwenye nyumba alikijenga kiwe stoo ya mahindi, na mpaka leo kikipata joto kinanuka dawa ya dumuzi. Dakika iliyofuata ikawa 287. Kisha 41. Kisha 38. Kisha 340. Mwanafunzi wangu, kijana wa mwaka wa tatu aliyekuwa akinisaidia wakati wa likizo, alisimama akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Madam, hii ni shawa! Shawa ya kosmiki!"

Sikumjibu. Ukweli ni kwamba na mimi moyo ulishaanza kwenda mbio.

Inabidi nieleze alichokuwa anakisema, maana bila hapo kichekesho chenyewe hakina ladha. Juu kabisa ya anga kuna mvua ya chembe zinazotoka mbali, nyingi zikiwa protoni. Zikigonga hewa zinavunja viini vya atomu, vipande navyo vinazaa vipande, manyunyu ambayo sisi tunayaita shawa, na mjukuu anayefika kwetu chini kwa wingi anaitwa miuoni. Ni ndugu wa elektroni, ila uzito wake ni kama mara 207. Maisha yake ni mafupi mno, wastani wa sehemu 2.2 za milioni ya sekunde. Kwa muda huo hata ukikimbia kwa mwendo wa mwanga unaishia mita 660 hivi, wakati miuoni huzaliwa kilomita 15 hivi juu ya vichwa vyetu. Zinatufikia kwa sababu saa ya kitu kinachokwenda kasi namna hiyo inachelewa, jambo alilolieleza Einstein mwaka 1905. Usawa wa bahari inapita kama miuoni moja kwa kila sentimita mraba kila dakika. Tandaza kiganja chako mezani: moja hivi kila sekunde inakitoboa, inatoboa meza, inaendelea na safari zake ardhini.

Aliyethibitisha kwamba mionzi hii inatoka juu ni Victor Hess wa Austria. Agosti 1912 alipanda na puto hadi mita 5,300 hivi, amebeba vipimo vyake, akakuta kule juu mionzi ni mingi kuliko chini. Mwaka 1936 akapewa Nobeli. Kila nikisoma habari yake nawaza kwamba angezaliwa Kibosho asingehitaji puto. Angefunga vipimo kwenye kapu, akatafuta wapagazi wawili, na Kibo ingempa mita 5,895 akiwa na miguu yake ardhini.

Basi. Mashine yangu ni vibao viwili vya plastiki maalumu iitwayo sintileta, kila kimoja sentimita 20 kwa 20, kimoja juu, kingine chini, umbali wa sentimita 40. Chembe ikipita ndani ya plastiki hiyo inaacha mmweko wa mwanga hafifu usioonekana kwa jicho. Mmweko unafika kwenye bomba la kioo liitwalo fotomaltiplaya, linalolishwa umeme wa volti 900 hivi. Ndani ya bomba, chembe moja ya mwanga inang'oa elektroni moja. Hiyo inavutwa igonge bamba la kwanza, zinatoka nne. Zile nne zinagonga bamba la pili, zinatoka 16. Ukitaka kuelewa, fikiria uvumi soko la Kilombero: mama mmoja anawaambia wanne, kila mmoja anawaambia wanne, na baada ya zamu kumi watu milioni moja wana habari kabla mboga haijanyauka. Elektroni moja inatoka upande wa pili ikiwa milioni. Hapo ndipo saketi ya kawaida inaweza kuisikia.

Mabomba yenyewe ni mitumba. Yalikuwa kwenye kifaa kilichotupwa, nikayapata kwa bei ambayo sitaiandika kwa sababu mama yangu anasoma.

Kosa la kwanza lilitokea tukiwa na kibao kimoja tu. Hesabu zilikuwa zinaongezeka mchana na kupungua usiku, siku baada ya siku, kwa mpangilio mzuri kabisa. Kijana akanichorea grafu kwa kalamu za rangi, akaandika juu yake "Mchango wa jua". Ilikuwa nzuri mpaka nikasikitika kuiharibu. Nilimwambia azime taa saa mbili usiku, awashe tochi ya simu, aipitishe polepole juu ya kibao kilichofungwa foili na tepu nyeusi. Tochi ilipofika pale waya unapotokea, hesabu zikalipuka. Palikuwa na upenyo usiozidi ncha ya sindano. Jua lilikuwa linaingia kweli, ila kwa kupitia dirishani. Tuliziba kwa tepu ya umeme, kisha tukakizungushia kibao kizima baibui lililochanika ambalo dada wa jirani alitupatia, mikunjo mitatu. Mpaka leo halijatolewa.

Hata baada ya kuziba mwanga, kibao kimoja peke yake kinaropoka. Matofali yana torii na urani kidogo, saruji ina potasiamu, na mionzi ya gama inayotoka humo inakifanya kiseme "nimeona" maelfu ya mara kwa dakika. Ndiyo maana vibao ni viwili. Saketi inasikiliza vyote, na inahesabu pale tu vinaposema kwa pamoja, ndani ya nanosekunde 100 (nanosekunde moja ni sehemu ya bilioni ya sekunde). Miuoni inavuka sentimita 40 kwa nanosekunde moja na kidogo, kwa hiyo vibao vyote viwili vinaiona karibu wakati uleule. Gama ya ukutani kwa kawaida inaishia kwenye kibao kimoja. Sisi tunaita hesabu ya sanjari. Mahakamani wangeita mashahidi wawili.

Kuna namna rahisi ya kujaribu kama mashahidi wako ni waaminifu, na haihitaji chanzo cha mionzi cha maabara, ambacho kwa sheria lazima uwe na kibali cha Tume ya Nguvu za Atomu. Nenda duka la pembejeo, nunua kilo moja ya mbolea ya potashi. Potasiamu yote duniani ina sehemu ndogo ya potasiamu-40, asilimia 0.0117, ambayo bado inaendelea kuoza tangu kabla ya dunia kuwapo. Kilo hiyo moja inatoa mipasuko kama 16,000 kila sekunde, na kama mmoja katika kila kumi unaambatana na gama. Usiogope, mwili wa mtu mzima una mipasuko 4,000 na zaidi kila sekunde kutokana na potasiamu iliyomo damuni na kwenye misuli, na kula ndizi, zenye potasiamu yake, hakuongezi hilo kiasi watu wanavyopenda kusema. Mwili unajipimia wenyewe kiasi unachokitaka. Tuliweka mfuko wa mbolea juu ya kibao cha juu. Hesabu za kibao hicho peke yake zikaruka. Hesabu za sanjari hazikutikisika. Nililala vizuri usiku ule.

Kisha ndio ikaja siku ya kumi, na 312.

Kijana alikuwa na sababu ya kushika kichwa. Mwaka 1933 Mwitaliano Bruno Rossi alileta vihesabio vyake Afrika, Asmara, kwenye nyanda za juu za Eritrea, mita zaidi ya 2,300. Alikuwa anatafuta jambo jingine, kujua kama mionzi inatoka zaidi magharibi au mashariki. Katika kazi hiyo akagundua kwamba vihesabio vilivyokaa mbalimbali vinalia pamoja mara nyingi kuliko bahati inavyoruhusu. Aliandika sentensi chache kwamba huenda kuna manyunyu mapana ya chembe yanayoshuka kwa pamoja, kisha akaendelea na yake. Miaka kadhaa baadaye Mfaransa Pierre Auger akayafuatilia manyunyu hayohayo, na jina likabaki kwake. Nilikuwa nimemsimulia kijana habari hizi wiki moja kabla. Sasa ameona vibao vinalia mara 300 kwa dakika, nyanda za juu, Afrika. Angewaza nini kingine?

Saa tano kasoro robo zikatulia. Saa sita zikaanza tena. Kesho yake hivyohivyo. Jumapili, kimya. Jumapili ile ilinishtua. Nijuavyo, anga haliendi kanisani.

Nilipokuwa darasa la sita, Moshi, nilikuwa nashinda kwenye kibanda cha fundi redio mmoja karibu na stendi. Mama alikuwa anauza vitambaa ng'ambo ya barabara, na mimi nilikuwa napewa kazi ya kushika waya wakati fundi akilehemu. Alikuwa na kanuni mbili alizozirudia kama sala. Ya kwanza, redio ikikusumbua ikate katikati: sikiliza nusu ya kwanza peke yake, kama ni nzima tatizo liko nusu ya pili, kisha kata hiyo nayo. Ya pili, kabla ya kuishtaki redio, apisha umeme kwanza. Nimesoma fizikia vyuo viwili baadaye, nimekaa mbele ya maprofesa wenye majina, na sijapata mtu aliyenifundisha vifaa kuliko yule mzee, aliyekuwa akisoma rangi za resista kwa kuziimba.

Basi nikaikata mashine katikati. Jumatatu saa nne, hesabu zilipolipuka, nilizima volti 900 za mabomba yote mawili. Bomba bila volti hizo ni kipofu, hata miuoni ipite mbele yake imeshika taa. Saketi nikaiacha inaendelea.

Ikahesabu 290.

Kijana alitazama namba, akanitazama mimi, akatazama namba tena. "Kwa hiyo inahesabu nini, madam?"

Tukaunganisha osiloskopu, kifaa kinachochora sura ya pigo la umeme kwenye skrini. Pigo la kweli la miuoni lina sura yake: linatumbukia chini ghafla kama mtu aliyekosa ngazi, halafu linapanda na kuisha, yote ndani ya nanosekunde chache, makumi kwa wingi. Haya tuliyoyaona yalikuwa yanapanda na kushuka, yanapanda na kushuka, yakitetemeka kwa mikrosekunde nzima, yaani nanosekunde elfu, kama kamba ya nguo iliyovutwa. Yalikuwa kwenye njia zote mbili, ya kibao cha juu na ya kibao cha chini, kwa wakati mmoja, yamefanana kama mapacha. Mashahidi wangu walikuwa wamepanda gari moja na kupangana njiani cha kusema. Nilikuwa nimejenga kila kitu juu ya wazo kwamba vibao viwili haviwezi kudanganya pamoja, na wakati huohuo nikavilisha vyote kutoka ekstensheni moja ya plagi nne.

Kijana alienda kufungua dirisha apate hewa. "Madam, sikia." Nje, nyumba ya tatu kutoka kwetu, mtu alikuwa anachomelea. Zzzt. Nyuma yangu namba zikaruka. Kimya, akigonga kutu. Namba zikatulia. Zzzt.

Tulicheka mpaka kijana akakaa chini.

Nilikwenda kumwona. Ni mzee wa makamo ya kuwa baba yangu, ana banda la mageti na madirisha. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, karibu, geti au grili?" Nilipomweleza kwamba mashine yake inaingia kwenye mashine yangu, uso ulibadilika kidogo. Alidhani nimekuja na malalamiko, na nadhani si mara ya kwanza jirani kuja na malalamiko. Akauliza, "Taa zako zinafifia nikichoma?" Nikasema hazififii. "Televisheni?" Sina televisheni. Akaniangalia kwa huruma. Kisha akauliza swali ambalo mimi, mwenye shahada, sikuwa nimejiuliza: "Athi yako ikoje?"

Akaja mwenyewe, na nyundo. Nyuma ya nyumba, pale waya wa athi unapoingia ardhini, aliuvuta kwa vidole viwili ukatoka wote mkononi mwake. Ulikuwa umekatika siku nyingi, pengine tangu walipochimba shimo la choo. Mwenye nyumba alikuwa amenihakikishia umeme umekaguliwa, lakini hayo tuyaache. Mzee alipigilia nondo mpya, akachimba kuizunguka, akatia mkaa na chumvi, akamwaga maji ndoo mbili. "Ardhi ya hapa ikikauka haipokei kitu," alisema. Sikuwa na la kuongeza. Siku ileile akaniuliza kama sanduku la chuma linaweza kusaidia, nikamwambia linaweza sana, na kesho yake akaniletea la bati zito lenye mfuniko wa bawaba, kona zake zimeungwa vizuri kuliko za maabara nyingi nilizopitia.

Athi na sanduku vilipunguza uongo hadi pigo moja moja. Kuumaliza kabisa tulihitaji kuacha umeme wa ukutani: betri ya gari ya volti 12, na kibadilisha volti kidogo kinachopandisha hadi 900. Njia moja ina betri yake, ya pili ina yake. Ghali, nzito, na ikifika siku ya tatu lazima uchaji. Lakini fundi akichoma sasa, namba zinabaki 40.

Hapo nilijifunza kuuliza swali la aina nyingine. Badala ya kuuliza kama mashahidi wanakubaliana, niliuliza kuna kitu gani ambacho miuoni inakijua na umeme wa fundi haukijui. Jibu: juu na chini. Miuoni nyingi zinashuka wima, kwa pembeni zinapungua haraka. Tukaulaza mnara wetu ubavu, vibao vikatazama Mlima Meru upande mmoja na barabara ya Namanga upande wa pili. Zikashuka hadi 4 au 5 kwa dakika. Tukausimamisha, 40. Tukaulaza, 5. Kelele ya umeme haijali umelala ama umesimama. Kijana aliurudia mchezo huo mara sita, nikamwacha.

Niseme kidogo nilikotoka. Kabla ya stoo hii nilifanya kazi miaka minne kwenye maabara moja, siitaji, nikipima vyakula: unga wa maziwa, mchele, samaki wa kopo. Tangu ajali ya Chernobyl ya 1986 nchi nyingi zinaangalia sesiamu-137, kitu chenye mionzi, kwenye vyakula, na inajulikana kwa gama yake yenye nishati ya kiloelektrovolti 662. Kigunduzi chetu kilikuwa cha kioo cha elementi iitwayo jerimani (germanium), kinachokaa kwenye baridi ya naitrojeni iliyo kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, ndani ya ngome ya madini ya risasi. Kazi ilikuwa ya kuchosha na nilikuwa naipenda. Pale ndipo nilipojua kwamba kabla hujapima maziwa unapima chombo kitupu, siku nzima, na kitupu hicho kinakujibu: potasiamu ya ukutani pale kiloelektrovolti 1,461, thaliamu ya ukoo wa torii pale 2,614. Ukuta una maneno mengi kuliko maziwa. Wikiendi moja ya sikukuu ndefu hakuna aliyekuja kujaza naitrojeni. Kioo kikapata joto, ulinzi ukakata umeme wenyewe kabla hakijafa, lakini kilikaa wiki nyingi bila kazi. Kwenye faili iliandikwa "hitilafu ya kifaa". Kifaa hakikuwa na hitilafu hata kidogo, kilikuwa na kiu. Niliondoka mwaka uliofuata.

Mwisho wa likizo tukasema tumwige Hess, kimasikini. Tulifunga mnara kwenye sanduku la mzee, tukapanda kosta ya Moshi. Konda akaligonga kwa kidole: "Dada, hii spika inalipiwa kama mtu." Nikailipia kama mtu.

Moshi mjini, mita 800 na kitu juu ya bahari, tulipima kwa muda wa saa tatu nyumbani kwa shangazi, tukapata 6,690. Kesho yake Marangu, kihambani kwa mama, mita kama 1,500, saa tatu tena: 7,190. Kanuni ya kuhesabu vitu vinavyokuja kwa bahati ni kwamba shaka yako ni kipeuo cha pili cha hesabu yenyewe. Kwa namba hizi mbili, shaka ya tofauti ni kama 118. Tofauti yetu ilikuwa 500. Kijana akaruka, akamkumbatia mama yangu, ambaye hakujua kwa nini lakini alimpa ndizi.

Tukiwa tunakula, ameshika mtori mdomoni, akaacha kutafuna. "Madam. Kwa shangazi juu ya mashine kulikuwa na nini?"

Shangazi anakaa ghorofa ya chini. Juu ya mashine kulikuwa na zege, juu ya zege familia ya watu watano, na juu yao zege jingine. Marangu tulipimia chini ya bati. Zege linazuia chembe nyepesi. Sehemu ya ushindi wetu ilikuwa dari.

Naomba niseme wazi kwamba nilitamani asingeuliza. Mama alikuwa ameshaanza kuwapigia watu simu. Lakini tulirudi Moshi, tukaomba uani kwa shangazi, usiku, chini ya anga tupu, sanduku limefunikwa turubai kwa ajili ya umande na mbwa wa jirani akilibwekea mwanzo mwisho. Saa tatu. 6,840. Tofauti na Marangu ikabaki 350. Ni karibu mara tatu ya shaka, bado ipo, imepungua, na sasa naweza kuisema mbele ya mtu yeyote bila kuangalia pembeni. Hewa ya kati ya Moshi na kihamba chetu, mita 700 hivi, inatosha kumeza kiasi hicho.

Mama alikuwa bado ana swali moja. Alitaka kujua kama hizo chembe zinampita na yeye akiwa amelala. Nikamwambia zinampita, maelfu, na zilimpita bibi, na zilipita hapa kabla mgomba wa kwanza haujapandwa. Akafikiri. "Na hazipigi hodi," akasema, akaenda kufunga kuku.

Nimerudi Sakina. Mnara umesimama stooni, kila njia na betri yake, na sasa najaribu kuona kama hesabu zinashuka pale mgandamizo wa hewa unapopanda, jambo linalohitaji miezi na si siku. Kijana amerudi chuoni. Mzee wa mageti bado anadhani akichoma ananiharibia kazi, kwa hiyo kila asubuhi ananitumia meseji kabla hajawasha: "Mwanangu leo nachoma kuanzia saa nne, geti kubwa, mpaka saa nane." Nazinakili zote kwenye daftari, saa na dakika, kisha jioni nalinganisha na hesabu zangu nione kama kuna hata pigo moja la ziada. Nina kurasa kumi na moja sasa. Sijamwambia kwamba mashine haimsikii tena, kwa kuwa nikimwambia ataacha kuandika.